Mhadhiri akifungwa mdomo, hasara hufika hadi mpakani

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua: mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingie tena nchini, kwa sababu vipimo vimeonyesha yana sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Malori yakapanga foleni Namanga, Busia na Malaba. Machi 10 zuio likaondolewa kwa masharti. Waagizaji walitakiwa kujisajili, na kila shehena iambatane na cheti cha uasili wa bidhaa pamoja na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wafanyabiashara wa nafaka wanazikumbuka siku hizo kwa hasara. Upande mmoja wa mpaka ulisema jambo lililokuwa mbele ni afya ya mlaji. Upande wa pili ukashuku kwamba zuio lilikuwa njia ya kulinda soko. Kila serikali ilikuwa na wakulima wake wa kuwatetea, hivyo hakuna iliyoweza kuwa mwamuzi.

Mwenye mzigo barabarani alihitaji jibu la maswali matatu tu. Sumukuvu ni kiasi gani? Imo katika mahindi ya wilaya zipi? Na sampuli zilichukuliwa vipi? Maswali hayo ni ya maabara, si ya jukwaani. Lakini jibu la maabara lina thamani pale tu mpimaji anapoweza kulitoa bila kuhofia kibarua chake, hata likiwa halipendezi kwa waziri wa nchi yake.

Mara nyingi mpimaji wa namna hiyo ni mtafiti wa chuo kikuu. Ulinzi anaouhitaji ndio unaoitwa uhuru wa kitaaluma. Katika Afrika Mashariki ulinzi huo umeandikwa katika katiba na maazimio, lakini kwa zaidi ya nusu karne umekuwa ukivunjwa, safari nyingine kwa pingu, safari nyingine kwa barua ya kimya kutoka ofisi ya utumishi.

Sumukuvu yenyewe inaonyesha kwa nini suala hili linamgusa mfanyabiashara. Mwaka 2004, wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, zilikumbwa na maafa ya sumu hiyo. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya wenyeji yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Takwimu hizo hazikuwa na sifa kwa yeyote, lakini zilichapishwa katika majarida ya kitabibu, zikasomwa, na zikawafundisha watu namna ya kukausha na kuhifadhi nafaka. Zilithibitisha pia kwamba kuvu haina pasipoti. Huota popote palipo na joto na unyevu, upande huu wa mpaka na ule. Anayelijua hilo ana hoja ya kujitetea nayo siku mzigo wake unapozuiwa kwa kisingizio cha nchi ulikotoka.

Uhuru huu ni upi

Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, UNESCO, lilipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Kwa lugha nyepesi, linataja haki nne. Ya kwanza ni kufundisha na kujadili bila kuamriwa nini kisemwe darasani. Ya pili ni kufanya utafiti na kuchapisha matokeo. Ya tatu ni kutoa maoni kuhusu chuo chenyewe na namna kinavyoendeshwa. Ya nne ni kutumia haki za kawaida za raia, ikiwemo kuzungumza hadharani, bila kuadhibiwa kazini kwa ajili hiyo.

Pendekezo hilo linasisitiza pia ajira ya kudumu, au ulinzi unaolingana nayo. Msomaji anaweza kudhani hiyo ni hoja ya mishahara, lakini ndiyo nguzo ya yote. Mhadhiri mwenye mkataba wa miezi sita hahitaji kutishwa na polisi. Inatosha mkataba usihuishwe.

Uhuru huu una mipaka yake. Haumlindi mhadhiri anayeiba kazi ya mwenzake, anayepika takwimu, anayedai rushwa ili atoe alama au anayewanyanyasa wanafunzi. Wala haumaanishi kwamba kila anachosema profesa ni kweli. Maana yake ni kwamba akikosea, asahihishwe kwa ushahidi na wenzake wanaoijua fani hiyo, si kwa amri ya mkuu wa wilaya.

Katiba za ukanda huu zimelitaja jambo hili kwa viwango tofauti. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 29, inautaja uhuru wa kitaaluma katika taasisi za elimu kama sehemu ya uhuru wa mawazo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inautaja pamoja na uhuru wa utafiti wa kisayansi. Katiba ya Tanzania haiutaji kwa jina. Ibara yake ya 18 inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na humo ndimo mhadhiri hujihifadhi.

Chuo kimoja, nchi tatu

Kabla ya kuwapo kwa Jumuiya ya leo, wasomi wa eneo hili walikuwa tayari wamevuka mipaka. Mwaka 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kazi ziligawanywa: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chake.

Lakini wahadhiri waliendelea kuvuka, mara hii wengi wao wakikimbia. Mwaka 1969 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alijiuzulu ualimu katika chuo cha Nairobi, akipinga kuingiliwa kwa uhuru wa chuo. Kwa muda akapata hifadhi Makerere, Uganda. Mshairi Okot p'Bitek alikwenda njia ya kinyume: alikosana na serikali ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960, akavuka na kufundisha Nairobi. Mahmood Mamdani alifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, akafundisha Dar es Salaam hadi utawala huo ulipoanguka. Alirudi Makerere, na katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Milton Obote ikamvua uraia kwa sababu ya ukosoaji wake.

Kwa msomi, basi, mpaka umekuwa kama ulivyo kwa mchuuzi: upande mmoja bidhaa imepigwa marufuku, upande wa pili ina wateja. Kila serikali iliyomfukuza mhadhiri iliipa jirani yake zawadi ya bure.

Si wote waliowahi kuvuka. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa na watu wa utawala wa Amin mwaka 1972 na hakuonekana tena. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa profesa wa siasa chuoni hapo, aliondoka na kumalizia maisha yake ya kazi Marekani. Makerere, iliyokuwa ikipokea wanafunzi kutoka eneo zima, ilichukua miaka mingi kujiinua.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilisifika kwa mijadala yake. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha Dar es Salaam, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa mwaka 1972 na shirika la uchapishaji la Tanzania. Hata hivyo, huko nako palikuwa na mwisho wa uvumilivu. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi liitwalo Cheche lilichapisha andiko la Issa Shivji lililohoji ni nani hasa waliokuwa wakinufaika na ujamaa. Kabla ya mwaka kwisha, jarida hilo lilipigwa marufuku pamoja na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi waliolitoa. Mmoja wa waliopata kuongoza umoja huo alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni.

Nairobi, 1982

Kenya ilipitia kipindi chake kigumu miaka ya 1980. Ngũgĩ alikuwa tayari amewekwa kizuizini bila kushtakiwa, kuanzia mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978, baada ya tamthilia yake ya Kikuyu kuonyeshwa na wanakijiji wa Kamirithu. Alipotoka hakurudishiwa nafasi yake chuoni. Mwaka 1980 chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu kilifutwa kwa amri ya serikali ya Daniel arap Moi. Bila chama, kila mhadhiri alibaki peke yake.

Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walikamatwa. Al-Amin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili *Kilio cha Haki*, aliwekwa kizuizini. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya habari za Mau Mau, alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kumiliki maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria, naye aliwekwa kizuizini. Miaka 29 baadaye, mwaka 2011, Mutunga huyohuyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya chini ya katiba mpya. Mtu aliyehesabiwa kuwa hatari kwa dola akawa mlinzi wa sheria zake.

Chama cha wahadhiri nacho kilisajiliwa tena mwaka 2003. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita.

Maazimio mawili ya 1990

Wasomi wenyewe hawakukaa kimya. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu za Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufuatia mgogoro na wanafunzi. Novemba mwaka huohuo, wasomi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikutana Uganda na kupitisha Azimio la Kampala.

Maazimio hayo mawili yana jambo moja linalosahaulika. Hayakudai haki tupu. Yote yaliandika wajibu kando ya haki: mwanataaluma awe mkweli, afanye kazi kwa ubora na asimame na wanyonge katika jamii yake. Kwa maneno mengine, uhuru huu hawakupewa wahadhiri kwa sababu wao ni watu bora kuliko wengine. Wamepewa ili wananchi wapate mtu wa kuwaambia ukweli. Ni amana, kama fedha za chama cha kuweka na kukopa zilizo mikononi mwa mweka hazina.

Kesi iliyougawa umma

Kesi iliyozungumzwa zaidi katika miaka ya karibuni ni ya Stella Nyanzi, mtafiti wa Makerere. Mapema mwaka 2017 serikali ya Uganda ilieleza kuwa haina fedha za kununulia wasichana wa shule taulo za kike, ingawa iliwaahidi wakati wa kampeni. Nyanzi aliongoza michango ya kununua taulo hizo, na kwenye ukurasa wake wa Facebook akamfananisha Rais Museveni na makalio. Chuo kilimsimamisha kazi. Aprili 2017 alikamatwa kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, akakaa rumande gereza la Luzira siku 33 kabla ya kupata dhamana.

Novemba 2018 alikamatwa tena, safari hii kwa shairi kuhusu rais na marehemu mama yake. Mwishoni mwa mwaka huo Makerere ilimwondoa kazini, ingawa baraza la rufaa la wafanyakazi lilikuwa limeamua kwa manufaa yake. Agosti 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18. Februari 20, 2020, Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo na kumwachia. Wakati huo alikuwa ameshakaa gerezani sehemu kubwa ya kifungo. Mwaka 2022 alihamia Ujerumani.

Watu wengi wa Afrika Mashariki, hata wasioipenda serikali, walichukizwa na lugha yake. Matusi kwa mama wa mtu ni jambo zito katika jamii zetu. Lakini swali la kisheria halikuwa kama maneno yale yalikuwa na adabu. Swali lilikuwa kama raia afungwe jela kwa maneno hayo, na kama mwajiri wake, chuo kikuu, amwadhibu kwa alichoandika nje ya darasa. Adabu mbaya hujibiwa kwa kulaumiwa, kususwa au kushtakiwa kwa madai. Jela ni dawa nyingine kabisa, na ikishazoeleka kwa mwenye matusi, haichelewi kumfikia mwenye takwimu.

Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria ile, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi. Kilikuwa mojawapo ya vifungu alivyoshtakiwa navyo Nyanzi. Hata hivyo, miezi mitatu kabla ya hukumu hiyo sheria ilikuwa imerekebishwa na kuongezewa makosa mapya, likiwemo la kusambaza taarifa za nia mbaya. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukiwa umekwisha kufunguliwa.

Kaskazini zaidi, Sudan Kusini, mambo hayakuhitaji hata mahakama. Mwaka 2015 Luka Biong Deng, aliyekuwa akiongoza kituo cha masomo ya amani na maendeleo cha Chuo Kikuu cha Juba, aliandaa mdahalo wa wazi kuhusu amri ya rais ya kuigawa nchi katika majimbo 28. Baada ya mdahalo huo alilazimika kuiacha nafasi yake na kuondoka. Kwa anayepeleka unga na mafuta ya kupikia Juba, idadi ya majimbo si siasa ya mbali. Kila mamlaka mpya inaweza kuja na kizuizi chake barabarani na stakabadhi yake ya malipo. Mdahalo ule ulikuwa unamhusu, ajue asijue.

Takwimu zilipotaka ruhusa

Kama kuna sheria iliyougusa moja kwa moja mkutano wa elimu na biashara, ni Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya 2015. Septemba 2018 Bunge liliifanyia marekebisho. Mtu asiye wa serikali alitakiwa kupata idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kabla ya kuchapisha takwimu, na ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazolenga kubatilisha au kupotosha zile rasmi.

Kwa mtafiti, maana yake ilikuwa nzito. Mchumi wa chuo kikuu akihesabu bei za vyakula katika masoko matano, na hesabu yake ikatofautiana na ya serikali, alikuwa amekaribia mlango wa mahakama. Benki ya Dunia ilisema hadharani, Oktoba mwaka huo, kwamba ina wasiwasi mkubwa na kwamba marekebisho yale hayaendani na viwango vya kimataifa. Juni 2019 Bunge lilirudi nyuma: kosa la jinai likaondolewa, na haki ya kila mtu kukusanya na kusambaza takwimu ikatambuliwa, huku ukiwekwa utaratibu wa kitaalamu wa kutatua tofauti.

Miezi ile tisa ni somo kwa kila mwenye duka. Takwimu rasmi ni nguzo ya biashara, na nyingi zimefanywa kwa uangalifu. Lakini takwimu isiyoruhusiwa kupingwa ni sawa na mizani isiyoruhusiwa kukaguliwa. Huenda inapima sawasawa, ila mnunuzi hana njia ya kujua. Mizani ya sokoni huaminika kwa sababu wakala wa vipimo anaweza kuja siku yoyote na jiwe lake. Kazi ya mtafiti huru ni kuwa lile jiwe.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ofisi inayosikia sifa peke yake, mwaka baada ya mwaka, haina sababu ya kujirekebisha. Ikiwa wanaopaswa kuionja tembo wameambiwa waseme ni tamu tu, wanywaji ndio watakaogundua, tena wakiwa wameshalipa.

Kimya kisicho na pingu

Kesi za mahakamani huandikwa magazetini, lakini njia za kimya ndizo zinazofanya kazi kubwa. Mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo hujua nani yumo kwenye kamati. Wakuu wa vyuo vya umma hutegemea ruzuku ya serikali, hivyo hupendelea utulivu. Vyuo vingi vimejaza walimu wa muda wanaolipwa kwa vipindi, na baadhi yao husubiri malipo kwa miezi. Mtu wa namna hiyo hatachagua mada ya utafiti itakayomletea maadui.

Fedha za nje nazo zina masharti. Utafiti mwingi katika vyuo vya ukanda huu hulipiwa na wafadhili, na mfadhili huchagua swali. Kampuni inayolipia uchunguzi wa bidhaa yake huenda isifurahie matokeo. Uhuru wa kitaaluma unapolindwa dhidi ya serikali peke yake, unakuwa umelindwa nusu. Mlaji wa unga, wa dawa na wa pembejeo anahitaji mtafiti anayeweza kumwambia hata mfadhili wake kwamba bidhaa haifai.

Kisha kuna vibali. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina chombo cha sayansi kinachotoa kibali cha utafiti. Mtafiti wa Nairobi anayetaka kulinganisha bei za Namanga pande zote mbili anahitaji ruhusa nyingine akishavuka hatua chache. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 amewekewa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya. Mtafiti mwenye daftari na kalamu bado hana wa kwake.

Mlango wa Arusha

Viongozi wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi wanachama ni eneo moja la elimu ya juu, ili sifa za masomo zitambulike na wanafunzi na wahadhiri wavuke kwa urahisi. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo linalosimamia viwango. Ni hatua njema. Lakini mhadhiri anapovuka, haki zake za kusema hubadilika na mpaka. Anachokifundisha Nairobi chini ya ibara ya 33 huenda asiweze kukifundisha kwa jirani. Soko la pamoja la elimu bila kiwango cha pamoja cha uhuru linafanana na soko la pamoja la maziwa bila kiwango cha pamoja cha usafi.

Kipo chombo kinachoweza kusaidia, nacho ni Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara za 6 na 7, unazifunga nchi wanachama kuheshimu utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu. Kwa msingi huo, Mei 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi vinakiuka Mkataba. Machi 2019 ikasema hivyohivyo kuhusu vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania liliirekebisha sheria hiyo.

Kesi hizo zilihusu waandishi wa habari, lakini hoja yake inamfaa mhadhiri pia. Raia yeyote mkazi wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri bila kuanzia mahakama za kwao. Sharti gumu ni muda: miezi miwili tu tangu sheria au kitendo kinacholalamikiwa kitokee, au tangu mlalamikaji akijue. Wafanyabiashara wanaolalamikia vikwazo visivyo vya kiforodha wanapaswa kuujua mlango huohuo, kwani ni mmoja.

Mfanyabiashara afanye nini

Hatakiwi kuandamana kwa ajili ya maprofesa. Yapo mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wake na wa vyama vyake.

La kwanza ni kuuliza. Mamlaka ikitangaza kwamba bidhaa fulani haifai, chama cha wafanyabiashara kiombe matokeo ya vipimo, idadi ya sampuli, mahali zilikochukuliwa na jina la maabara. Kikipewa karatasi, kimpelekee mtafiti wa chuo kilicho karibu aisome. Swali hilo likiulizwa kila mara, ofisi zitazoea kuwa na majibu.

La pili ni kumjibu mtafiti kwa ukweli. Wengi wakiona mtu na dodoso wanadhani ni wa mapato, na humtajia mzigo nusu. Lakini biashara ya mikononi isiyopita kwenye vitabu vya forodha haina mtetezi mpaka ihesabiwe. Wanaovusha mizigo midogo kila siku, wengi wao wanawake, walianza kutajwa katika sera baada ya watu kukaa mpakani na kuwahesabu.

La tatu ni kudai kwamba utafiti uliolipwa kwa kodi uchapishwe wote, hata ule unaoiaibisha mamlaka iliyouagiza. Ripoti iliyofungiwa kabatini imeshalipiwa na mwenye duka, lakini haimsaidii.

La nne ni kutokaa kimya mhadhiri wa eneo lake anapoondolewa kazini kwa alichokisema. Si lazima kukubaliana naye. Chama kinaweza kuandika barua moja na kuuliza: amepatikana na kosa gani, na nani wa fani yake aliyelithibitisha? Vyama vya wafanyabiashara husikilizwa na serikali kuliko vyama vya wahadhiri, kwa sababu ndivyo vinavyolipa ushuru.

Zuio la mahindi la 2021 halitakuwa la mwisho. Kesho linaweza kuwa la maziwa, mayai, vitunguu au samaki. Siku hiyo ikifika, kila upande utakuja na karatasi yake yenye mhuri, na mhuri wa upande wa pili hautaaminiwa. Karatasi ya tatu, ya mtu asiyetumwa na upande wowote, haiwezi kuandikwa usiku ule wa foleni. Huandikwa miaka kabla, na mtafiti aliyeachwa afanye kazi yake, aliyechapisha alichokiona, na ambaye bado yuko kazini.